Nani kakwambia nyaraka zote za Majimaji ziko Ujerumani?

Wiki hii nimeisikia tena. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mada yake Vita vya Majimaji, kaja kaunta yangu ya maktaba: "Shikamoo mama, najua hapa hakuna kitu maana Wajerumani walibeba kila kitu, naomba tu unisaidie kutafuta PDF." Kauli hiyo hiyo nimeisikia kwa waandishi wa habari, kwa vijana wa YouTube, hadi kwa walimu, na leo nimeamua kuandika maana nimechoka kuijibu mtu mmoja mmoja. Si kweli. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba inampa mtu sababu ya kutotafuta.

Haya, kwa haraka. Faili za utawala wa Mjerumani zipo Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa, pale Upanga mtaa wa Vijibweni. Miaka ya 1960 wataalamu wa nyaraka kutoka Marburg, Ujerumani, walizipanga, na mwongozo wake wa juzuu 2 ukatoka 1973. Humo utakuta kodi, pamba, kazi za shuruti, ardhi, misheni, yaani yale yaliyowachosha watu hadi wakang'oa pamba kule Nandete, Umatumbi, Julai 1905, na vita ikaanza. Berlin zilikwenda zile taarifa alizokuwa anatuma gavana Götzen kwa wakubwa zake, ziko kwenye fungu la R 1001, yaani faili za ofisi ya makoloni ya Ujerumani, namba 721 hadi 726 ndizo za vita yenyewe, na fungu hilo kwa sehemu kubwa limeshaskaniwa, unalisoma bure ukiwa na bando. Halafu kuna zile ambazo hana mtu: hifadhi ya jeshi la Ujerumani pale Potsdam iliungua kwa mabomu Aprili 1945, kwa hiyo hata huyo Mjerumani unayedhani kafungia kila kitu kabatini ana mashimo makubwa tu.

Lugha ni kikwazo, hilo sibishi. Unafunguliwa faili, karatasi imegeuka kahawia, wino umefifia, mwandiko umelala kulia na herufi e inafanana kabisa na n, mtu aliyejifunza Kijerumani cha darasani anatoka jasho. Lakini taarifa nyingi zilipigwa chapa, na hata usipojua Kijerumani unaweza kufuata majina ya watu, tarehe na mahali. Ila ujue walivyoandika: Ssongea kwa s mbili, Daressalam neno moja. Kwenye katalogi pia tafuta Majimaji, Maji Maji na Maji-Maji, zote tatu, usitafute moja ukaja kulalamika.

Sasa nije kwenye kinachonikera hasa.

Mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya Gilbert Gwassa na John Iliffe, walikwenda vijijini Umatumbi, Ungoni, Mahenge na kwingineko wakawahoji wazee walioiona vita au waliosimuliwa na wazazi wao. Karatasi zake zipo East Africana, maktaba ya chuo, wanahistoria wanaziita MMRP, yaani Maji Maji Research Project. Hazijabebwa na mtu! Ni maneno ya watu wetu wenyewe, mengine yameandikwa kama yalivyotamkwa, na watu wanapita nje ya mlango huo kila siku wakilia kwamba historia yetu imeibiwa.

Na wale wachache wanaozifungua wanazitumia vibaya. Wanaandika "wazee walisema". Wazee gani? Wa wapi? Walihojiwa na nani? Mzee wa miaka 75 mwaka 1968 alikuwa mtoto wa miaka 12 vita ilipoanza, alichokiona ni kweli alikiona lakini amekaa nacho miaka 63, na katikati hapo amepita Mwingereza, imepita TANU, na Nyerere mwenyewe ameitaja vita hii mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956. Anapohojiwa, Azimio la Arusha lina mwaka mmoja tu na nchi nzima inazungumza umoja. Mzee hadanganyi, lakini anakumbuka akiwa ndani ya nyakati zake, na kijana anayemhoji naye ana maswali ya nyakati hizo hizo. Ukimsoma bila kuliangalia hilo hutofautiani na anayemeza kitabu cha Götzen cha 1909 bila kujiuliza kwa nini gavana anasukumia uganga lawama ambazo zingerudi kwenye pamba yake.

Utasema basi tuamini nini. Weka vyote mezani kwa pamoja. Mfano, Kinjikitile wa Ngarambe, mganga wa ile dawa ya maji. Kila mtoto wa shule anamjua, lakini jina lake tunalijua zaidi kupitia ushahidi wa wazee wa Umatumbi, wakati taarifa za Kijerumani zinazungumzia waganga walionyongwa Mohoro Agosti 1905. Kumuunganisha mtu wa upande huu na mtu wa upande ule ni kazi ya mwanahistoria, haikuja imeandikwa tayari. Mimi naona muunganiko huo una nguvu, lakini ni hoja, na hoja inatetewa.

Au idadi ya waliokufa. Tarakimu za Kijerumani zinafika 75,000, Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Watu wanachagua inayowafaa kisha wanasonga mbele. Lakini angalia waliokufa upande wa Mjerumani: Wazungu 15, askari 73, wasaidizi wa Kiafrika 316. Hao wamehesabiwa mmoja mmoja. Wetu wamehesabiwa kwa maelfu ya mviringo, kwa sababu wengi hawakufa vitani, walikufa kwa njaa baada ya maghala na mashamba kuchomwa, na yupo afisa wa Kijerumani aliyeandika waziwazi kwamba njaa ndiyo itakayowafanya watu wasalimu amri. Nani angewahesabu? Ndiyo maana naposoma insha inayosema "walikufa watu 300,000" bila neno "inakadiriwa" nasikia uchungu kweli, maana pengo lile lenyewe ni ushahidi na mwandishi amelifukia.

Kuna jambo vitabu vya sekondari havikwambii: hata leo wanahistoria hawajakubaliana kama hii ilikuwa vita moja. Wamatumbi waling'oa pamba, Wangoni walikuwa na machifu wao na hesabu zao za zamani, dawa ilifika kwao kwa mkono mwingine na ikapokelewa kwa maana nyingine. Mimi mwenyewe nayumba. Nikisoma ushahidi wa Umatumbi naona vita moja, nikisoma wa Songea naona nyingine.

Na usisahau utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliochapishwa 1957. Ni Kiswahili, ni wa mtu aliyeiona vita kutoka pwani, wala hana huruma sana na waliopigana, ndiyo maana unafaa kusomwa.

Kwa hiyo ukija kaunta usiniambie "Majimaji". Niambie Liwale, Agosti 1905, au misheni ya Peramiho, au kodi ya kibanda Kilwa, hapo nitajua nikupeleke rafu gani. Ukienda Upanga beba barua ya utambulisho na penseli, na uombe mwongozo wa Marburg kwanza kabla hujaomba faili lolote.