Saa za bei nafuu: maneno ya wateja na ukweli wa fundi

Juzi mwalimu mmoja alinifikia mezani amekasirika. Mshale wa sekunde wa saa yake ulikuwa unatulia, unaruka hatua mbili kwa mpigo, unatulia tena. "Fundi, wameniuzia feki." Nilifungua kifuniko cha nyuma, nikatoa betri, nikaweka mpya, na mshale ukarudi kutembea sekunde moja moja. Baadhi ya mashine za betri zimeundwa ziruke hivyo makusudi, kumwonya mwenye saa kwamba betri inakaribia kuisha. Mwalimu alikuwa ameshaamua kuitupa.

Meza yangu iko katikati ya Kampala, si mbali na Old Taxi Park. Wanakuja Waganda, Wanubi wa Bombo, Wakongomani, Wasomali wa Kisenyi. Bei tunapatana kwa Kiswahili. Makabila mengi, lakini dhana zao kuhusu saa ni zilezile.

"Saa ghali ndiyo inayokwenda sawa."

Neno hili lilikuwa na ukweli tarehe 25 Desemba 1969, siku Seiko walipoanza kuuza Astron, saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi kuingia sokoni, kwa yen 450,000. Pesa hiyo wakati ule ilikuwa bei ya gari dogo. Leo mashine ya kwatzi, hii ya betri yenye kipande cha jiwe kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, imo hata ndani ya saa zinazotembezwa na wachuuzi kwenye foleni ya magari. Ya kawaida hukosea sekunde 15 hadi 20 kwa mwezi. Casio F-91W, ile ya plastiki iliyotoka 1989, imeahidiwa kutozidi sekunde 30 kwa mwezi.

Sasa tazama otomatiki, saa zisizo na betri, zinazojijaza kwa mwendo wa mkono. NH35, mashine ya kundi la Seiko inayotiwa kwenye saa nyingi za kampuni ndogo, inaruhusiwa kubaki nyuma sekunde 20 au kwenda mbele sekunde 40 kwa siku. Kwa siku, si kwa mwezi. Hata saa ya Uswisi yenye cheti cha COSC, taasisi ya huko inayopima usahihi wa saa, inapimwa kwa wastani wa sekunde 4 nyuma hadi 6 mbele kila siku. Anayelipa mamilioni kwa saa kama hiyo ananunua ufundi, chuma na jina. Kama shida yake ni kuwahi basi la Gulu alfajiri, ile ya plastiki inatosha na chenji inabaki.

Basi bei inanunua nini? Kwa saa hizi za nafuu, jibu langu ni moja: inanunua macho. Mtu wa kuikagua saa kabla haijafungwa kwenye boksi analipwa mshahara, na kila saa anayoikataa ni hasara kwa kiwanda. Ukishusha bei, vipuri vinabaki karibu vilevile. Kinachopungua kwanza ni idadi ya saa zinazokataliwa.

"Mshale haugusi mstari, kwa hiyo ni feki."

Hii naisikia karibu kila siku, na inawapotosha watu pande zote mbili. Mshale wa sekunde kutua pembeni ya mstari, tarehe kukaa nusu dirishani, ringi yenye mistari ya dakika kupinda kidogo penye namba 12: yote hayo hutokea kwenye saa halali za kampuni kubwa. Seiko SKX007, saa ya wapiga mbizi iliyoanza kuuzwa 1996, ilitimiza ISO 6425, viwango vya kimataifa vya saa za wapiga mbizi, kwa mita 200, na bado wapenzi wake waliizoea kwa ringi isiyonyooka. Gia za plastiki au shaba zina nafasi ndogo ya kucheza kati ya meno yake, na uso wa saa umeshikwa na vijiti viwili tu. Makosa madogo mawili yakikutana, jicho linayaona.

Upande wa pili: saa iliyonyooka kila mstari si ushahidi kwamba ni orijino. Siku hizi wanaonakili wananyoosha vizuri sana.

Mimi kwenye saa ya elfu arobaini nasamehe mstari. Sisamehi unywele au punje ya vumbi chini ya kioo. Aliyefunga saa na vumbi ndani ndiye huyohuyo aliyeweka raba ya kuzuia maji, na sina sababu ya kuamini kwamba kwenye raba alikuwa makini zaidi.

"Imeandikwa Japan Movt, basi imetoka Japani."

Maneno hayo yanazungumzia mashine peke yake. Mara nyingi ni Miyota, ya kampuni ya Citizen, na ni mashine nzuri. Lakini kasha, kioo, mkanda na kazi ya kuziunganisha vinaweza kuwa vimefanyika popote, na hapo ndipo saa nyingi zinazofika mezani kwangu zilipoharibikia. Wenzetu wa Uswisi wamelifunga hili kwa sheria: tangu 2017, ili saa iandikwe Swiss Made, angalau asilimia 60 ya gharama za kuitengeneza ziwe za Uswisi, na ukaguzi wa mwisho ufanyike hukohuko. Ona, ukaguzi umetajwa kabisa.

Kuhusu duka kuuza mara mbili ya bei ya barabarani, msikimbilie kusema mnaibiwa, wala kusema saa ya duka ni bora. Mle ndani mna ushuru, VAT ya asilimia 18 na kodi ya pango. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoinyoosha mishale.

"Mita 30, naweza kuogelea nayo."

Usijaribu, si ziwani Entebbe wala kwenye bwawa la hoteli. Namba hiyo ni shinikizo la maabara, saa ikiwa mpya na imetulia. Mita 30 ni matone ya mvua na kunawa mikono. Kwa kuogelea tafuta 100. Halafu raba inazeeka, na sabuni inaiharakisha. Na hapa niwaseme na mafundi wenzangu: tunafungua saa kubadilisha betri, tunairudisha raba ileile iliyolegea, mteja ananyeshewa kwenye boda boda, ukungu unaingia ndani ya kioo, lawama inabebwa na kiwanda.

Betri nayo ina siri yake. SR626SW na AG4 zinaingia shimo moja, lakini ya kwanza ni ya oksidi ya fedha, inashika volti 1.55 karibu hadi mwisho. Ya pili ni alkali, inashuka polepole na inaweza kuvuja ikaila mashine. Fundi akikubadilishia kwa bei ya chapati, uliza ameweka ipi.

Kioo "kisichokwaruzika" nakipitia haraka. Kioo cha kawaida cha madini kina ugumu wa takriban 5 hadi 6 kwenye kipimo cha Mohs, mchanga wa kwatzi una 7, yakuti ina 9. Vumbi la barabara zetu limejaa mchanga.

"Risiti imesema mali ikiuzwa hairudi, basi yamekwisha."

Risiti si bunge. Sheria ya Uganda ya mwaka 2017 ya uuzaji wa bidhaa inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaofaa. Ila ina mlango wa pili: ukikagua kabla ya kununua, kasoro ambayo jicho lingeiona inakuwa juu yako. Mshale uliopinda, tarehe nusu dirishani, vumbi chini ya kioo, hayo yamalize palepale kaunta, saa ikiwa mwangani, kabla pesa haijatoka mfukoni. Raba usiyoweza kuiona ndiyo ya kurudi nayo dukani.