Kamba ya nanga kwanza, jahazi baadaye

Nina folda ya picha za Bagamoyo za miaka yangu ya mwanzo, na karibu zote ni picha ileile: anga nusu, bahari nusu, katikati kijahazi kama punje ya mchele.

Lenzi pana ndiyo ilivyo. Ile ya milimita 20 hudogosha vya mbali na kukuza kilicho miguuni pako. Ukisimama wima palipo mchanga mtupu, huo mchanga mtupu ndio utakaojaza picha. Lazima uinamie kitu.

Kitu hicho mimi nakitafuta kwa kuhesabu mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na ufuo wa Bagamoyo ni tambarare. Jua linachomoza baharini huku maji yanatoka: mchanga umeloa, hauna nyayo bado, kamba za nanga ndiyo kwanza zinafunuka.

Kamba naipenda kuliko mrengu wa ngalawa, ule mti wa pembeni unaoizuia isipinduke, kuliko dema la kutegea samaki. Inaanzia pembeni chini, imeganda mwani, inapinda kidogo, kisha inalipeleka jicho mpaka kwenye chombo. Gogo lililokingama mbele hufunga njia, hata liwe zuri vipi.

Mzee mmoja mwenye mashua alinikuta nimelala kifudifudi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Chombo chote hiki, wewe unapiga kamba?"

Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera. Akatazama kwa makini, akasema kamba yenyewe imechakaa, kesho ataniwekea mpya. Nilimsihi aiache.

Fokasi: kwa lenzi hiyo, kamera ya fremu kamili (kihisi chake ni sawa na filamu ya milimita 35), f/11, yaani tundu la lenzi likiwa dogo, lenga umbali wa mita 1.2 hivi. Kuanzia sentimita 60 hadi upeo wa macho patakuwa pakali vya kutosha. Usikimbilie f/22, tundu dogo zaidi, picha nzima italainika. Mwenye simu aigeuze juu chini, lenzi ikaribie mchanga.

Halafu kimo. Ukishuka mno, kamba na ubavu wa mashua vinashikana, vinakuwa donge moja jeusi. Inuka taratibu mpaka uone utepe wa maji kati yake. Mara nyingi ni kiasi cha shubiri tu, na mimi huupata nikiwa nimepiga magoti, suruali imeshaloa.