Je, wajua kwa nini mchezaji wa kikapu wa chuo hukua zaidi wakati hakuna mechi?

Tarehe 9 Novemba 2021, ndani ya Madison Square Garden jijini New York, kijana wa Lubumbashi anayeitwa Oscar Tshiebwe aliichezea Chuo Kikuu cha Kentucky mechi yake ya kwanza. Mpinzani alikuwa chuo cha Duke. Kentucky ilifungwa 79 kwa 71, ila Tshiebwe aliondoka uwanjani na pointi 17 na ribaundi 20, yaani mara 20 aliudaka mpira uliorudi baada ya mtupo kukosa kikapu.

Kabla ya usiku huo alikuwa hajagusa mechi rasmi kwa zaidi ya miezi 10. Mara ya mwisho alikuwa chuo cha West Virginia, na mambo hayakuwa mazuri: mechi 10, wastani wa pointi 8.5 na ribaundi 7.8, chini ya alivyofanya mwaka wake wa kwanza. Akaondoka mwanzoni mwa Januari 2021 na kuhamia Kentucky, ambako aliruhusiwa kufanya mazoezi na wenzake lakini si kucheza. Msimu mzima uliobaki aliutazama akiwa pembeni, huku timu yake mpya ikishinda mechi 9 na kupoteza 16.

Msimu uliofuata alimaliza na wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1 kwa mechi. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 40 tangu mchezaji wa daraja la juu la vyuo vya Marekani afikishe wastani wa ribaundi 15. Mwaka 2022 tuzo za mchezaji bora wa kikapu cha vyuo zilikuwa zake.

Sasa jiulize. Sisi tuliolelewa na mpira wa miguu tunaamini mchezaji asiyepata mechi hushuka kiwango. Huyu aliipanda ngazi yote hiyo akiwa hachezi. Iliwezekanaje?

Tuanze na kalenda. Msimu wa kikapu cha vyuo unaanza mapema Novemba na kumalizika mwanzoni mwa Aprili, siku ya fainali ya kitaifa. Ni miezi mitano. Katika miezi hiyo timu hucheza takribani mechi mbili kwa wiki, husafiri, na wachezaji wanabaki kuwa wanafunzi wenye vipindi na mitihani. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kinaruhusu saa 20 tu kwa wiki za shughuli za timu, na lazima siku moja iwe ya mapumziko. Saa hizo 20 zikishagawanywa kati ya mechi zenyewe, kutazama video za mpinzani ajaye na kupanga namna ya kumzuia, anayetaka kujifunza kitu kipya anabakiwa na makombo.

Kuna la zaidi. Mtupo wa kijana wa miaka 19 umeshakaa mkononi kama mwandiko wake. Kocha akitaka kuusahihisha, asogeze kiwiko, apandishe mahali mpira unapoachiwa, basi kijana huyo ataharibikiwa kwanza kabla ya kutengemaa. Kwa wiki kadhaa mpira utagonga chuma. Nani atakubali hayo Januari, wakati kila mechi inahesabiwa? Mei, hakuna anayehesabu. Kijana anaweza kukosa mitupo 200 asubuhi, arudi jioni akose mingine 150, na hakuna timu iliyofungwa kwa sababu yake.

Buddy Hield, aliyetoka Bahamas kwenda chuo cha Oklahoma, ni ushahidi mzuri. Mwaka wa kwanza alikuwa akiingiza chini ya robo ya mitupo yake ya pointi tatu. Mwaka wa nne, msimu wa 2015 hadi 2016, aliingiza asilimia 45.7, na wastani wake wa pointi ukawa umetoka 7.8 hadi 25. Mabadiliko ya namna hiyo hayapatikani katikati ya safari za ndege na mitihani ya Desemba.

Mwili nao una hesabu yake. Misuli haiongezeki saa ile unaponyanyua chuma. Inaongezeka siku zinazofuata, ukiwa umekula vizuri na kulala. Wakati wa msimu kocha wa viungo hawezi kuwachosha vijana Jumanne halafu wacheze Jumatano na miguu ya zege. Kwa hiyo kazi yake msimuni ni kulinda nguvu iliyopo. Kujenga kunafanyika kati ya Aprili na Oktoba. Na kwa mchezaji mrefu, nguvu ya nyonga na miguu ndiyo inayoamua kila kitu: akisukumwa anabaki palepale au anaondoka, anaruka mara ya pili na ya tatu kuufuata mpira, au anabaki ameinua mikono tu.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kwa miaka mingi kanuni zilimzuia kocha wa chuo kuwafundisha wachezaji wake wakati wa kiangazi. Ni mwaka 2012 tu ndipo makocha wa timu za wanaume waliporuhusiwa, kwa wiki 8, saa zisizozidi 8 kwa wiki, na sehemu ndogo tu ya saa hizo kuwa ya kufundisha mpira wenyewe. Kabla ya hapo, kiangazi kilikuwa mali ya mchezaji, na alikua kulingana na aliyecheza naye.

Hakeem Olajuwon alitoka Lagos akafika Chuo Kikuu cha Houston mwaka 1980, akiwa ameanza kucheza kikapu akiwa na miaka 15. Alikuwa amecheza mpira wa miguu na wa mikono, ndiyo maana miguu yake ilikuwa myepesi kuliko ya warefu wengine. Msimu wake wa kwanza hakucheza kabisa. Wa pili alipata wastani wa pointi 8.3 na ribaundi 6.2, akitokea benchi. Makocha wake wakamshauri akafanye mazoezi na Moses Malone, ambaye wakati huo alikuwa mchezaji bora wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, na aliyekuwa akicheza kiangazi katika ukumbi wa mtaani unaoitwa Fonde, hapohapo Houston. Hebu fikiria: kijana wa chuo, kila siku, akisukumwa na mtu mzima aliye bora kuliko wote duniani katika nafasi ileile. Msimu uliofuata ribaundi zake zilipanda hadi 11.4, na timu yake ikafika fainali ya kitaifa.

Dikembe Mutombo wa Kinshasa naye alipitia njia inayofanana. Alifika Georgetown mwaka 1987 kwa ufadhili wa masomo, nia yake ikiwa kuwa daktari. Kocha John Thompson akamvuta kwenye kikapu. Msimu wa kwanza, pointi 3.9. Wa pili, 10.7. Wa tatu, 15.2 na ribaundi 12.2. Katikati ya misimu hiyo kulikuwa na viangazi ambavyo Patrick Ewing, nyota wa zamani wa chuo hicho, alirudi kufanya mazoezi na wadogo zake.

Na Hasheem wetu. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akaanza kikapu akiwa kijana wa makamo ya sekondari, akapitia shule ya Houston na kufika Connecticut mwaka 2006 akiwa na urefu wa futi 7 na inchi 3. Mwaka wa kwanza pointi 6.2 na ribaundi 6.4. Wa pili pointi 10.5 na ribaundi 7.9. Majira ya kuchipua ya 2008 alikuwa na uwezo wa kwenda NBA, akaamua kurudi chuoni kwa kiangazi kimoja zaidi. Wa tatu pointi 13.6 na ribaundi 10.8, timu ikafika nusu fainali ya kitaifa, naye akachaguliwa wa pili katika drafti ya NBA ya 2009, yaani zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu. Watu humkumbuka kwa yaliyofuata huko Memphis, timu iliyomchagua, na maneno mengi yamesemwa. Mimi nataka akumbukwe pia kwa miaka ile mitatu, kwa sababu kupanda vile, hatua kwa hatua, kwa mtu aliyechelewa kuujua mchezo, ni kazi kubwa sana.

Umeona kinachowaunganisha warefu hawa wa Afrika? Walichelewa kuanza. Kijana wa Marekani aliyeshika mpira akiwa na miaka 6 anafika chuoni akiwa na maelfu ya saa nyuma yake. Aliyeanza na miaka 15 au 16 ana deni, na deni hilo halilipiki msimuni. Linalipwa kiangazi. Kwake miezi ile isiyo na mechi ndiyo shule.

Basi unajuaje timu ipi itakuwa nzuri Novemba ikifika? Kila kiangazi utasoma kwamba fulani ameongeza kilo saba za misuli na fulani sasa anatupa pointi tatu bila kukosa. Habari hizo ni tamu lakini haziambii mengi. Mimi huanza na swali jingine: nani ameondoka, na dakika zake zinakwenda kwa nani?

Mfano wangu ni Zach Edey wa Purdue, Mkanada wa futi 7 na inchi 4 aliyekulia kwenye hoki ya barafuni na besiboli, akaanza kikapu akiwa katikati ya sekondari. Wastani wake wa pointi kwa miaka minne ulikuwa 8.7, kisha 14.4, kisha 22.3, kisha 25.2. Ukiutazama haraka utasema alilipuka mwaka wa tatu. Lakini weka dakika mezani. Mwaka wa kwanza alicheza dakika 14.7 kwa mechi, wa pili 19, wa tatu 31.7. Ukipiga hesabu ya pointi kwa kila dakika 40, mwaka wa pili alikuwa tayari na takribani 30, na wa tatu 28. Hakuanza kufunga mwaka wa tatu; alikuwa akifunga siku zote. Kilichobadilika ni mambo mawili: mapafu na miguu yake sasa vilihimili dakika 32, na Trevion Williams, aliyekuwa akigawana naye nafasi ya senta, ile ya mchezaji mrefu wa karibu na kikapu, alikuwa ameondoka mwaka 2022. Kazi ya kiangazi ilimwandaa, na mlango ukafunguka akiwa tayari. Akawa mchezaji bora wa mwaka mara mbili, 2023 na 2024.

Kwa hiyo mchezaji wa kufuatilia ni yule wa mwaka wa pili au wa tatu, aliyekuwa akifanya vizuri katika dakika 12 au 15, na ambaye aliyemtangulia amehitimu.

Tatizo ni kwamba vijana wa namna hiyo wanazidi kuwa wachache kubaki mahali pamoja. Oktoba 2018 NCAA ilianzisha mfumo wa kielektroniki ambao mchezaji anayetaka kuhama huweka jina lake. Mwaka 2021 wakaruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje mwaka mzima. Mwaka 2024 idadi ya kuhama ikaachwa wazi, mradi masomo yawe sawa. Julai 2021 wachezaji waliruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na picha zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa. Matokeo yake, Aprili imegeuka dirisha la usajili kama la Ulaya. Kocha mwenye pengo la senta ana haja gani ya kungoja viangazi viwili, wakati anaweza kumchukua aliyekwisha kuiva chuo jirani?

Siwezi kusema uhamisho ni mbaya, maana bila uhamisho Tshiebwe asingefika Kentucky. Wala sioni kosa kijana kulipwa kwa jasho lake. Wanaotoka nje, hata hivyo, malipo hayo yanawapa shida, kwa sababu viza ya mwanafunzi inabana kazi za kulipwa ndani ya Marekani. Kentucky ilipokwenda Bahamas Agosti 2022 kwa ziara ya mechi za kirafiki, Tshiebwe aliutumia muda ule nje ya nchi kutekeleza mikataba yake ya kibiashara. Ziara kama hizo, ambazo timu inaruhusiwa moja kila miaka minne, huja pia na siku 10 za ziada za mazoezi.

Ninachokihofia ni subira inayopotea. Mutombo wa pointi 3.9 angefanywaje leo? Huenda Aprili ile angeambiwa atafute chuo kingine, na huko kocha mpya angeanza naye upya, kwa mfumo mwingine, na msimu unaofuata kumwambia vilevile. Kijana anayetoka Lubumbashi, Mwanza au Eldoret akiwa na urefu, mikono mizuri na miaka miwili tu ya kikapu, anahitaji mahali ambapo mtu amekubali kumngoja hadi kiangazi chake cha pili. Kama una mdogo wako anayepigiwa simu na vyuo, usiulize tu kuhusu ufadhili. Uliza kocha huyo amewalea warefu wangapi kutoka mwaka wa kwanza hadi wa tatu, na uombe kuziona dakika zao.