Matandazo Hayaleti Mvua

Kila Juni ikiingia hapa Mbeya, swali tunaloulizwa sisi wasusi ni lilelile, na mwenye swali huwa ameshika chupa: "Dada, napaka mafuta asubuhi na jioni, mbona nywele bado zimepauka?" Kuna kipindi chupa ilikuwa ya mafuta ya nyonyo. Siku hizi ni ya parachichi, kijani kilichokolea, yamekamuliwa hukohuko Rungwe, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na hii imani kwamba mafuta yanatia nywele unyevu. Hayatii. Ndani ya chupa ile hakuna maji hata tone, sasa unyevu utoke wapi?

Aliyelima migomba Tukuyu anajua kazi ya matandazo. Unatandaza majani udongo ukiwa bado na maji, ili jua lisiyanyonye haraka. Hakuna anayetandaza juu ya vumbi la Septemba halafu akakaa barazani kusubiri shamba lilowe. Kichwani kwake, mtu huyohuyo anafanya hivyo kila asubuhi. Na ngozi mbona tunaielewa vizuri? Ukitoka kuoga unapaka mafuta mwili ukiwa na majimaji, maana ukichelewa, kwa baridi ya hapa, miguu inapauka mpaka unaweza kuandika jina kwa kucha.

Ukipaka mafuta juu ya nywele kavu siku baada ya siku, yanajipanga tabaka juu ya tabaka. Vumbi la kiangazi linanata humo. Siku ukipulizia maji, yanateleza juu na kudondokea shingoni. Nywele zinakuwa ngumu, mwenyewe anahisi ukavu, anaongeza mafuta. Jaribu hivi: shika unywele mmoja katikati ya kucha mbili, uvute taratibu kutoka kwenye shina hadi ncha. Kile cha kijivu kinachobaki kwenye kucha, kama nta, ndiyo mafuta yako ya wiki tatu.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Nywele hupokea na kuachia maji kufuatana na hewa iliyozizunguka. Kyela, chini kule kando ya Ziwa Nyasa, hewa ni ya joto na nzito. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Juni hadi Agosti hewa ni baridi, kavu, na ya upepo. Mtu akipanda kutoka Kyela na utaratibu wake uleule, chupa ileile, nywele zinabadilika ndani ya wiki mbili na lawama zinaangukia "maji ya Mbeya" au mkono wa msusi.

Hapa niseme jambo ambalo hata sisi wasusi huwa tunalizunguka. Tukisema "nywele zina unyevu", mara nyingi tunachokigusa kwa vidole ni ulaini, na ulaini mwingi unatokana na kandishina. Kandishina hushika zaidi pale unywele ulipochubuka na kupunguza msuguano, ndiyo maana chanuo linapita. Maji yenyewe hayakai. Uyafungie kwa mafuta gani, yatatoka tu, mafuta yanachelewesha. Na kulowesha nywele kila siku nako kuna hasara, kwa sababu unywele uliolowa huvimba, na ukiwa umevimba unavutika na kukatika kirahisi. Kwa hiyo mimi ninayehubiri maji nakuambia pia usilale na bomba kichwani. Kuosha mara moja kwa siku saba hadi kumi, na kupulizia kidogo katikati ya wiki, kunatosha kwa vichwa vingi vya kipilipili. Kwa vingine hakutoshi, na hakuna kipimo cha kukuambia mapema. Lile jaribio la kuweka unywele kwenye glasi ya maji uone kama unazama, liache. Unywele mkavu wenye mafuta huelea tu, hata uwe wa aina gani.

Siku ya kuosha, anza saa nne asubuhi, siku yenye jua. Ukianza usiku utalala na nywele mbichi, na nywele mbichi zilizofungwa kwenye kofia ya baridi hutoa harufu ya vumba kabla ya siku ya tatu.

Kabla ya maji kuna sehemu ambayo mafuta yana kazi halali kwenye nywele kavu, na hapo namaanisha mafuta ya nazi. Yanapenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Vijiko viwili vya chakula kwa nywele za kufika mabegani, dakika thelathini, au usiku kucha ukipenda. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na Mbeya tunakaa chini ya hapo muda mrefu. Kuganda si dalili ya kuchakachuliwa. Mimi nayatilia shaka yale yanayobaki kama maji asubuhi ya Julai. Zamisha chupa kwenye maji ya moto dakika tano.

Gawa nywele mafungu manne, zikiwa nyingi sana manane. Shampuu kijiko kimoja cha chakula kwenye kikombe cha maji, mimina kwenye ngozi ya kichwa, sugua kwa ncha za vidole, kucha ziweke pembeni. Povu linaloteremka linatosha kuosha nywele zenyewe. Kama ulikuwa na ile nta ya kijivu, rudia mara ya pili. Maji yawe ya uvuguvugu, na najua saa nne ya Julai huko Uyole mkono unataka yanayotoa mvuke. Sabuni ya kipande iache kwenye nguo, ina magadi makali kwa unywele.

Kandishina ipakwe nywele zikiwa zinachuruzika. Watu wengi wanakosea hapa: wanakamua, wanakausha kwa taulo, ndipo wanapaka. Paka fungu moja moja, fungua mafundo kwa vidole, kisha chanuo la meno mapana kuanzia ncha ukipanda kuelekea shina. Ukianzia kwenye shina unayasukuma mafundo yote chini mpaka yawe fundo moja, na hilo utalikata kwa mkasi. Vaa kofia ya nailoni ya kuogea dakika ishirini (mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Juni 2019, na wapo bado wanaoitafuta kwa ajili ya stimingi). Suuza. Bonyeza kwa fulana kuukuu ya pamba, usisugue.

Sasa, nywele zikiwa na unyevu lakini hazidondoki tena, ndiyo zamu ya mafuta yako ya parachichi. Nusu kijiko cha chai kwa kila fungu kati ya manne. Kiganja kikimeremeta, umezidisha. Ncha zipate zaidi, ngozi ya kichwa isipate kitu. Kisha suka mabutu kwa uzi, ukianza sentimita moja kutoka kwenye shina, bila kukaza. Ukifumua kesho nywele zimenyooka bila pasi wala draya.

Katikati ya wiki, robo lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, na kijiko kimoja cha chai cha kandishina, kwenye chupa ya kupulizia. Baada ya siku nne mwaga, utengeneze mengine. Kuhusu kuongeza gliserini: vitabu vinasema iepuke hewa ikiwa kavu. Vichwani naona matokeo yanagongana, kwa huyu inalainisha, kwa yule inanata na kukakamaa. Anza na matone matano, ujionee.

Parachichi lenyewe na mayai? Protini ya yai ni kubwa mno kuingia kwenye unywele, na ukisuuza kwa maji ya moto unalikaanga humohumo. Parachichi la kuponda linaacha vipande kwenye kipilipili ambavyo utavichambua hadi jioni. Kula.

Wenye mba, mafuta kichwani ndiyo chakula cha kuvu inayoleta mba. Tumia shampuu ya ketokonazoli ya duka la dawa, iache dakika tano kabla ya kusuuza, mara mbili kwa wiki. Wenye nywele za dawa ya kulainisha: rudia dawa kila baada ya wiki nane hadi kumi, kwenye ukuaji mpya tu.

Na rasta. Mtu anafumua baada ya wiki sita, anaona bonge la nywele mkononi, analia kwamba zimemnyonyoa. Kila siku kichwa huangusha nywele kati ya 50 na 100. Kwa siku 42 ni 2,100 hadi 4,200, zote zilikuwa zimenaswa humo zikisubiri. Ziangalie: yenye kidoti cheupe mwishoni imeanguka kwa zamu yake, fupi isiyo na kidoti imekatika, na hiyo ndiyo ya kukuhangaisha. Kipilipili hukua pungufu kidogo ya sentimita moja kwa mwezi. Kama miaka mitatu urefu ni uleule, nywele zinakua na kukatika palepale, kwa hiyo yale mafuta ya "kukuza" yenye pepaminti yanakuuzia baridi ya utosini.

Kama tayari umenunua chupa ya lita nzima pale Mwanjelwa, usiitupe. Kwa kipimo cha vijiko viwili vya chai kwa wiki itakuchukua karibu miaka miwili, kwa hiyo iweke gizani, kifuniko kikiwa kimefungwa, na uinuse kabla ya kupaka. Ikianza kunukia kama rangi ya kupaka ukuta, imeshaharibika.