Sigiri chumbani: hewa ipo, mbona damu inakosa oksijeni?

Mwezi wa saba, huku Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, baridi ya usiku haina huruma. Maharage yakishaiva, sigiri (jiko la makaa) inaingizwa ndani, mlango unafungwa, na upenyo wa chini ya mlango unazibwa kwa nguo kuukuu. Asubuhi mtu anaamka kichwa kinampasuka, au haamki. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa kila msimu wa baridi.

Musawo (mhudumu wa afya), makaa yangu yameshika vizuri, hayatoi moshi hata kidogo. Hatari inatoka wapi?

Hapo hapo. Moshi unauona, unakuwasha macho, unakimbia. Gesi ya kaboni monoksidi haina rangi, haina harufu, haiwashi. Hutokea makaa yanapoungua bila hewa ya kutosha. Tazama sigiri gizani: utaona vimiali vya buluu vikicheza juu ya makaa mekundu. Ni gesi hiyo ikiungua. Vimiali vikizimika, makaa yakabaki mekundu chini ya majivu, gesi huendelea kutoka, safari hii bila kuungua. Na ndio wakati tunaosema "sasa yameiva, ingiza ndani."

Wengine huichanganya na hewa ukaa, ile tunayoitoa tukipumua. Hewa ukaa ikijaa chumbani utahema. Hii haikupi hata onyo hilo.

Inaifanya nini damu?

Ndani ya seli nyekundu za damu kuna hemoglobini nyingi, na kila hemoglobini moja ina nafasi nne za kubebea oksijeni. Fikiria gari dogo la kwenda Kabale lenye viti vinne (najua yetu hubeba saba, lakini tuseme dereva leo anaogopa trafiki). Oksijeni hupanda kwenye mapafu, hushuka kwenye ubongo, moyo na misuli. Kaboni monoksidi hupanda stendi ile ile na kukaa viti vile vile, ila inavishika kwa nguvu mara 200 hadi 250 kuliko oksijeni. Ndiyo maana kiasi kidogo kinatosha. Ikiwa katika kila sehemu 1,000 za hewa sehemu 1 tu ni gesi hii, mtu akikaa humo saa za kutosha karibu nusu ya viti vyake vitakuwa vimechukuliwa. Oksijeni imejaa chumbani, mapafu yanafanya kazi, lakini gari halina nafasi.

Dada yangu aliugua malaria, kipimo cha damu kikashuka mpaka 6, kama nusu ya kawaida, na bado alitembea. Kwa nini aliyepoteza nusu kwa gesi anaanguka?

Swali zuri kuliko yote. Sehemu ya jibu ni kwamba damu hupungua polepole, mwili ukazoea. Lakini kuna ubaya mwingine ambao watu wengi hawaujui. Kaboni monoksidi ikikaa kiti kimoja, hubadilisha umbo la hemoglobini nzima, na oksijeni iliyo kwenye viti vilivyobaki nayo hushikwa kwa nguvu. Ni kama yule abiria amekaa mlangoni na kuukomea. Gari linafika Kabale, wenzake wanataka kushuka, hawawezi, linageuza nao kurudi Kisoro. Dada yako alikuwa na magari machache, ila kila moja lilishusha abiria wake. Mtu wa sigiri ana magari tele, yanapita mbele ya ubongo bila kushusha. Zaidi ya hapo, gesi huingia pia kwenye misuli ya moyo na kuvuruga kazi ya seli zenyewe.

Walimwekea mgonjwa kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, kikasoma asilimia 98. Si yuko sawa?

Kifaa kile husoma rangi ya damu, na damu iliyobeba kaboni monoksidi ni nyekundu kama iliyobeba oksijeni. Kinadanganyika. Mwambie musawo kwa mdomo wako: "Tulilala na sigiri ndani." Sentensi hiyo ina thamani kuliko namba ile.

Nitajuaje kama si malaria?

Dalili zinafanana: kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea. Lakini malaria huja na homa, na si kawaida yake kushika watu wanne wa nyumba moja usiku mmoja, kisha kuwaachia kidogo wakitoka uani.

Tumpe maziwa?

Hapana. Sumu haiko tumboni, iko kwenye damu, na aliyezimia atapaliwa. Fungua mlango, mvute nje haraka, usikae humo ndani hata wewe, kisha mpeleke panapopatikana oksijeni. Kwa hewa ya kawaida, gesi iliyo kwenye damu huchukua saa 4 hadi 6 kupungua nusu. Akivuta oksijeni tupu kwa barakoa inayobana vizuri, ni kama saa 1 hadi saa 1 na nusu.

Na mjamzito?

Apelekwe hata akisema amepata nafuu. Damu ya mtoto tumboni huishika gesi hii zaidi, na huiachia polepole kuliko ya mama.

Nikiacha dirisha wazi kidogo?

Kupika mchana, mlango na dirisha vyote wazi, sawa. Kulala nayo, hapana, hata dirisha likiwa wazi. Jenereta nayo ikae nje, mbali na madirisha, hata mvua ikinyesha.

Mzee ameruhusiwa kurudi nyumbani. Yamekwisha?

Huenda. Lakini ubongo uliokosa oksijeni unaweza kuonyesha madhara siku kadhaa au hata wiki chache baadaye. Mtazameni. Akianza kutia sukari kwenye chai mara mbili, akasahau njia ya shambani, akawa mkali bila sababu au akatembea kwa kuburuta miguu, msiseme ni uzee. Mrudisheni kituoni, na mkumbushe tena habari ya sigiri, maana atakayempokea huenda si yule wa mwanzo.