Banda Zuri Halipimwi kwa Idadi ya Vivutio: Dhana Potofu za Mashabiki na Ukweli Wake

Hapa Mwanza ubishi wa Simba na Yanga una wenyewe, na wenyewe ni wengi. Huu wetu ni wa watu wachache, wale wanaofuatilia bustani kubwa za burudani duniani kupitia video za simu, na ambao kila Agosti wakitoka Nyamhongolo kwenye Nane Nane hawalali mpaka wamebishana banda gani limefanya kazi na lipi limewapotezea watu muda. Ubishi ukikolea, mfano hauchelewi kufika: EPCOT, bustani ya Disney iliyofunguliwa Florida, Marekani, tarehe 1 Oktoba 1982. EPCOT imejengwa kwa mabanda. Si ya turubai na mabati, ni majengo makubwa, kila moja na mada yake, na baadhi yana vivutio vitatu au vinne chini ya paa moja: safari ya mashua, filamu, mgahawa, sehemu ya watoto kugusagusa.

Katika mabishano hayo yapo mambo ambayo watu wameyashika kama kweli isiyo na mjadala, na hayako hivyo. Nayaandika kwa sababu naamini yanatugharimu hata sisi tunapoandaa vya kwetu.

Dhana: vivutio vikiwa vingi, banda ni zuri

Hii ndiyo mama wa zote. Watu wanahesabu: lile lina vitu vinne, hili lina kimoja, mchezo umekwisha.

Tazama banda la The Land, ambalo mashabiki wengi hulitaja kwanza. Unaingilia ghorofa ya juu, unasimama ukingoni, na ukumbi wote uko chini yako: meza za chakula katikati, maputo makubwa yamening'inia, milango ya vivutio pembeni. Kabla hujashuka umeshaelewa kuna nini na uanzie wapi. Lilipofunguliwa mwaka 1982 lilikuwa na safari ya mashua, onyesho la vyakula vinavyoimba kuhusu lishe, filamu kuhusu binadamu na mazingira, na mgahawa unaozunguka polepole juu ya mandhari zilezile ambazo mashua zinapita. Vitu vinne, na vyote vinazungumzia ardhi na anayekula kutokana nayo.

Kiini chake ni hiyo safari ya mashua, ambayo bado ipo. Inaanza na mandhari za kutengenezwa, msitu wa mvua, jangwa, mbuga ya nyasi, halafu ghafla mashua inaingia kwenye vitalu nyumba vya kweli. Mimea mingine inakua bila udongo, mizizi inaning'inia hewani na kunyunyiziwa maji yenye virutubisho. Mche mmoja wa nyanya humo ulizaa zaidi ya nyanya 32,000 ndani ya mwaka mmoja, kati ya 2005 na 2006. Kuna sehemu ya ufugaji wa samaki, na kwenye matangi yake wamefugwa tilapia, ukoo uleule wa sato tunayemnunua Mwaloni Kirumba. Sehemu ya mazao hayo hupikwa kwenye migahawa ya banda hilohilo. Umepita na mashua ukaona chakula kikikua, ukapanda juu ukakikuta kwenye sahani. Hapo hakuna haja ya bango la kukueleza mada.

Mwaka 2005 ikaongezwa Soarin'. Unakaa kwenye kiti kinachonyanyuliwa mbele ya skrini kubwa mno, miguu inaning'inia, na hapo mwanzo uliruka juu ya California, na ulipopita kwenye mashamba ya machungwa harufu ilikufikia. Ni kivutio kizuri sana, silipingi hilo. Lakini onyesho la vyakula na lishe lilifungwa mwaka uliotangulia ili kupisha njia ya kuingilia huko. Ukihesabu, banda halijapungukiwa. Ukisikiliza linachosema, limepoteza sentensi nzima na kuingiza nyingine inayohusu kusafiri.

Kwenye hoja hii tuligawanyika vibaya. Rafiki yangu mmoja alishikilia msimamo wake: "Kaka, foleni inafika nje ya mlango, unataka nini zaidi? Na wanaokuja kuruka, wakishuka wanaiona mashua, wanaipanda." Hoja yake ina uzito, na sehemu ya pili ni kweli kabisa: kivutio chenye nguvu huleta watu kwa jirani yake. Ila foleni inakuambia habari za kivutio, haikuambii habari za banda. Kipimo changu ni kingine. Toa kitu kimoja, kisha angalia kama vilivyobaki vimeumia. Ukitoa Soarin' leo, mashua haipungukiwi na chochote isipokuwa idadi ya abiria. Ukitoa vitalu nyumba, mgahawa unabaki mgahawa wa kawaida.

Kipimo hiki kinafanya kazi vizuri hata Nyamhongolo. Banda la samaki lenye kizimba cha mfano, vifaranga kwenye beseni, chakula chao cha punje pembeni, mtaalamu anayejibu maswali na sato wa kukaanga nyuma yake linaweza kulishinda hema kubwa lenye vipeperushi vya idara kumi. Kule ukiondoa vifaranga kila mtu anauliza viko wapi. Huku ukiondoa idara tano hakuna atakayegundua.

Dhana: bila kitu cha kupanda, hakuna banda

Hii niipitie haraka, maana jibu lake liko wazi. Upande wa EPCOT wa mabanda ya mataifa kuna Morocco, lililofunguliwa mwaka 1984. Mfalme Hassan II alituma mafundi wake wa vigae, na kazi ya mikono yao iko ukutani mpaka leo. Hakuna treni wala mashua. Kuna vichochoro, ua, mnara, maduka na chakula, na mtu anaweza kupotea humo kwa raha. Mexico wao wana mashua, lakini kinachobeba banda lao ni uamuzi wa kuweka ndani ya jengo uwanja wa soko wenye giza la magharibi ya kudumu, mgahawa kando ya mto, na mashua zikipita mbele ya wanaokula. Anayekula anatazama safari, anayesafiri anatazama meza. Mwanga huo mmoja umeunganisha vitu vitatu.

Dhana: wahusika wa katuni ndio walioharibu mabanda

Mashabiki wa zamani wana uchungu na hili, na uchungu wao una chanzo. Banda la Norway lilikuwa na safari yake ya mashua tangu 1988. Ikafungwa mwaka 2014, na 2016 njia ileile ikageuzwa kuwa safari ya filamu ya katuni ya Frozen, hadithi ya nchi ambayo haipo kwenye ramani yoyote. Naelewa kwa nini mtu anakasirika.

Lakini lawama inaangukia asiyehusika. Chukua banda la Imagination, lenye mapiramidi ya kioo. Mhusika wake, Figment, dragoni mdogo wa zambarau, alizaliwa humohumo bandani. Safari iliyofunguliwa mwaka 1983 ilikuonyesha yeye na mwenzake, mzee mwenye ndevu, wakikusanya mawazo kutoka kila mahali, sauti, rangi, hofu, hadithi. Ukishuka, unapanda ghorofani kwenye ukumbi ulioitwa ImageWorks, na hapo zamu inakuwa yako. Kulikuwa na sakafu ambayo kila ukikanyaga taa inawaka na sauti inatoka, kwa hiyo mtoto anapiga muziki kwa kurukaruka. Kulikuwa na njia ya kupita katikati ya upinde wa mvua. Kulikuwa na mahali unapunga mikono hewani na okestra inakufuata. Chini umeonyeshwa jinsi wazo linavyozaliwa, juu unazaa la kwako. Kwangu mimi hakuna banda lililowahi kupangwa vizuri kuliko hilo.

Mwaka 1999 safari ilibadilishwa, ikafupishwa, na Figment akabaki kama kivuli. Malalamiko yakawa mengi, na mwaka 2002 akarudishwa. Wengi waliona kesi imekwisha. Haikuwa imekwisha, kwa sababu ghorofa ya juu ilibaki imefungwa. Walimrudisha mhusika, hawakuirudisha ngazi iliyokuwa ikimtoa mtu kwenye kutazama na kumpeleka kwenye kutenda. Kwa hiyo anayesema katuni ndiyo tatizo aniambie: hapa katuni ipo tena, na banda je?

Mfano wa upande wa pili uko banda la bahari. Tangu 2004 kuna ukumbi mdogo ambamo kasa wa katuni, kwenye skrini, anaongea na watoto papo hapo, anawauliza, wanamjibu, anajibu swali ambalo hakuna aliyelitarajia. Mtoto akitoka hapo anakwenda kwenye kioo cha tangi kumtafuta kasa wa kweli. Huyo mhusika anafanya kazi ya banda.

Dhana: bila teknolojia ya kisasa, banda linachakaa

Banda hilohilo la bahari lilipofunguliwa Januari 1986 lilikuwa na tangi la maji ya chumvi lenye zaidi ya lita milioni 21. Bado watu waliolipenda wanazungumzia lifti. Uliingia kwenye lifti ili ushuke chini ya bahari, ukaona kwa dirishani miamba na mapovu vikipanda juu, mlango ukafunguka na uko kwenye kituo cha sakafu ya bahari. Lifti ile haikushuka kokote. Kilichotembea ni ukuta wa nje, wewe ulitikiswa tu. Hakukuwa na kompyuta ya ajabu hapo, kulikuwa na mtu aliyefikiri kwa makini jinsi mgeni anavyofika. Tangi lilikuwa pale hata bila lifti, lakini kwa lifti tangi liligeuka kuwa bahari. Lifti hizo ziliondolewa miaka ya 2000, na mimi nahesabu hiyo kama hasara kubwa.

Dhana: likifungwa, basi watu walilichoka

Banda la Wonders of Life lilifunguliwa Oktoba 1989 chini ya kuba la dhahabu. Mada yake ilikuwa mwili na afya. Kulikuwa na chumba kinachotikisika kinachokupeleka ndani ya mishipa ya damu, onyesho la kuchekesha linalokuweka ndani ya kichwa cha mvulana wa miaka 12, filamu kuhusu mtoto anavyopatikana, na baiskeli za mazoezi katikati ya ukumbi wazi. Kwa kipimo changu lilifaulu vizuri. Mdhamini wake, kampuni ya bima ya MetLife, alijiondoa mwaka 2001. Likaanza kufunguliwa kwa msimu, na tangu Januari 2007 likafungwa moja kwa moja. Horizons, banda lingine linaloliliwa mpaka leo, lilimpoteza mdhamini wake, kampuni ya General Electric, mwaka 1993 na likafungwa 1999.

Mabanda haya yalikuwa yamejengwa juu ya fedha za wadhamini. Mdhamini akiondoka, hakuna anayebadilisha taa iliyoungua wala kurekebisha hadithi iliyopitwa na wakati, na mgeni akiona vumbi anapita mbele. Kisha watu wanaonyesha uchache wa wageni kama ushahidi kwamba banda lilikuwa baya. Wanaoandaa mabanda ya maonyesho huku Kanda ya Ziwa wanalijua vizuri jambo hili, kwamba mwaka wa kwanza fedha zipo, na wa tatu anatafutwa wa kulipia umeme.

Dhana: haya ni mambo ya Wazungu, kwetu hayapo

Afrika yenyewe ilikuwa kwenye mipango ya EPCOT. Banda la Afrika ya ikweta lilitangazwa bustani ilipofunguliwa, na lingekuwa na nyumba juu ya mti ya kutazamia wanyama wakija kunywa maji. Halikujengwa. Nafasi kati ya China na Ujerumani ina kituo kidogo cha vinywaji na vinyago. Inaniuma kila nikiiona kwenye ramani.

Ila hatukuwa tukisubiri kufundishwa. Toka mjini kwa barabara ya Musoma, kilomita kama 20, ufike Kisesa, upande Bujora. Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa na Padri David Clement kutoka Kanada, yalikuwepo kabla EPCOT haijafunguliwa. Kuna banda la watemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, na ndani yake ngoma za himaya mbalimbali. Kuna nyumba ya mhunzi, nyumba ya mganga, boma la familia, na kanisa lililochukua umbo la nyumba ya mtemi. Ukitoka kwa mhunzi ndipo unajua jembe na mkuki wa kule kwingine vilitoka wapi.

Sehemu inayonishika zaidi ni banda la vyama vya ngoma, la Bagika na Bagalu. Linaeleza ushindani ulioanzishwa na waganga wawili, na dawa ambazo kila chama huamini zinavuta watu. Kisha mwezi Juni, baada ya sikukuu ya Ekaristi, linakuja tamasha la Bulabo, na ushindani huo unachezwa nje kiwanjani. Vyama viwili vinacheza kwa wakati mmoja, chatu mabegani, majembe yakirushwa, na watazamaji ndio waamuzi: wanahama kwa miguu kwenda upande unaowavutia, na mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Wengi wanaokwenda Bulabo huishia kiwanjani na kurudi mjini. Ukienda, fika mapema, ingia kwanza kwenye lile banda la vyama vya ngoma umsikilize mwongozaji mpaka amalize, ndipo utoke ukachague upande wa kusimama.