BPA kwenye plastiki: yanayosemwa na yaliyopimwa

"Kila plastiki ina BPA." Si kweli, na hofu hii huwafanya watu wakimbie chupa isiyo nayo wakabaki na iliyo nayo. BPA, yaani kemikali ya bisfenoli A, hutumika kutengeneza plastiki ngumu na angavu iitwayo polikaboneti, pamoja na utando unaopakwa ndani ya makopo ya vyakula. Chupa laini ya maji yenye namba 1 kitakoni haitengenezwi kwa BPA, na mfuko wa nailoni vilevile. Geuza lile dumu gumu la lita 20 linalopinduliwa juu ya mashine ya maji ofisini. Ukikuta namba 7 na herufi PC, hiyo ni polikaboneti. Namba 7 peke yake haitoshi, kwa kuwa hubeba plastiki za aina nyingi.

"Kiasi kidogo hivyo hakiwezi kudhuru." Hapa ndipo penye mgogoro wenyewe. Kwa sumu nyingi, kweli, kipimo ndicho kinachoamua. Lakini mwaka 1936, kabla polikaboneti haijaingia sokoni, mtafiti Edward Charles Dodds wa London alionyesha kwamba BPA hufanya kazi mwilini kama estrojeni, homoni ya kike, na homoni hufanya kazi kwa viwango vidogo mno.

Mwaka 1998 huko Cleveland, Marekani, mtafiti Patricia Hunt alikuwa akichunguza mayai ya panya. Ghafla hata panya wa kulinganishia, ambao hawakupewa chochote, wakaanza kuonyesha kasoro za kromosomu. Alipofuatilia akakuta vizimba na chupa zao za maji, vyote vya polikaboneti, vilioshwa kwa sabuni isiyofaa. Plastiki ikaharibika na kuvujisha BPA. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2003.

Viwango rasmi vya BPA anavyoruhusiwa mtu kumeza navyo vimeshuka sana. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilikubali maikrogramu 50 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku, ikashusha hadi 4 mwaka 2015, kisha Aprili 2023 hadi nanogramu 0.2, yaani mara 20,000 chini ya kile cha 2015 (maikrogramu moja ni nanogramu 1,000). Taasisi ya Ujerumani ya tathmini ya hatari, BfR, ilipinga hesabu hiyo na kupendekeza nanogramu 200. Hata hivyo, Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha marufuku ya BPA katika vifaa vinavyogusa chakula, kwa vipindi vya mpito.

"Marekani iliiondoa kwenye chupa za watoto kwa sababu ilithibitika ni sumu." Hapana. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilifanya hivyo mwaka 2012 kwa hoja kwamba viwanda vilikuwa vimekwishaiacha. Katika utafiti mkubwa wa panya uitwao CLARITY, uliotangazwa mwaka 2018, FDA ilisema athari ni ndogo sana. Baadhi ya watafiti wa vyuo vikuu walioshiriki wakaonyesha athari hata kwenye kipimo cha chini kabisa, maikrogramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mimi naona dalili kama hizo zinatosha kumkinga mtoto mchanga, bila kusubiri wakubwa wakubaliane.

"Hujilimbikiza mwilini." Sehemu kubwa hutoka kwa mkojo ndani ya siku moja. Tatizo ni kwamba tunaiingiza upya kila siku: vipimo vya Marekani vya 2003 na 2004 viliikuta katika mkojo wa asilimia 93 ya waliopimwa.

"Imeandikwa haina BPA, basi ni salama." Mara nyingi huwekwa bisfenoli S au F badala yake, ndugu zake wa karibu. Mwaka 2018 timu ya Hunt iliripoti kasoro zinazofanana kwa panya kutokana na mbadala hizo.

"Chupa mpya haitoi kitu, ni kuukuu tu." Watafiti wa Cincinnati, Marekani, walipima chupa za polikaboneti mwaka 2008, mpya na zilizotumika. Maji yaliyochemka yaliharakisha utoaji wa BPA hadi mara 55, huku umri wa chupa ukileta tofauti ndogo. Uji wa mtoto basi uache upoe kwenye sufuria au bakuli la udongo kabla ya kuumimina kwenye chupa ya plastiki, na maji ya chai yatie kwenye chupa ya chuma au ya kioo.